Sura Mpya, Chesisi Kuukuu: Gari Hili ni la Mwaka Gani?

Mojawapo ya maswali yaliyo magumu kujibiwa siku hizi katika kaunti ya Turkana ni swali linaloonekana jepesi kupita kiasi: gari hili ni la mwaka gani? Liulize Lodwar, penye pikapu zinazongoja abiria wa Kakuma, au uliulize Lorugum, makao ya Loima, ambako magari ya aina iyo hiyo hupakia mbuzi, unga na watu kuelekea upande wa Lokiriama na mpaka wa Uganda. Utajibiwa papo hapo, tena kwa yakini. Ni la 2010. Ni la 2016. Ukilitazama kwa mbele utakubali, maana taa ni za mtindo wa karibuni, grili inang'aa na boneti haina mkunjo. Ukiinama na kulichungulia uvunguni utaanza kutilia shaka ulichoambiwa, na ukizunguka nyuma shaka itageuka kuwa kicheko.

Desturi hii ya kuling'oa gari kuukuu uso wake na kulivisha uso wa gari la miaka ya baadaye si ya Turkana peke yake. Imezoeleka Nairobi na Mombasa, na mafundi wa Kampala na Arusha wanaijua vyema. Lakini katika nchi ya mchanga na laga, ambako gari moja huweza kutumika kwa miaka 30 likipitia mikono ya wenye wengi, desturi hiyo ina uzito ambao haupatikani mahali pengine. Hapana budi tuitazame kwa makini kabla ya kuitukana au kuisifu.

Yamkini msomaji atastaajabu kumwona mtu wa isimu akiingilia mambo ya gereji. Sina haja ya kuomba radhi. Kazi ya isimu ni kuchunguza jinsi alama zinavyobeba maana na jinsi wanadamu wanavyoelewana, au wanavyodanganyana, kwa alama hizo. Na uso wa gari ni alama. Mnunuzi husoma umri, bei, heshima na hatari katika uso huo kama vile mwanafunzi asomavyo sentensi ubaoni. Madhali ni maandishi, tuna haki ya kuuliza nani aliyeyaandika na kwa nia gani.

Kwanza tuyaelewe mambo yenyewe. Magari ya kazi, yaani malori, pikapu na yale tuliyozoea kuyaita Landrova bila kujali yametoka kiwanda gani, huundwa juu ya chesisi. Chesisi ni fremu ya chuma mfano wa ngazi iliyolazwa, nayo ndiyo ibebayo injini, ekseli, springi na mzigo. Bodi huketishwa juu yake na kufungwa kwa bolti. Boneti, madigadi, grili, bampa na taa havibebi uzito wa gari. Vinafunika tu na kuelekeza hewa na mwanga. Kwa hivyo fundi mwenye spana na subira anaweza kuvifungua vyote asubuhi na kufunga vingine jioni.

Land Rover ndiyo iliyotufundisha mchezo huu. Tangu ilipoanza kuuzwa mwaka wa 1948 bodi yake ilikuwa ya mabati ya aluminiamu yaliyofungwa vipande vipande, hata ukiligonga jiwe ulibadilisha kipande kilichopondeka na kuendelea na safari. Wazee waliolijua gari hilo watakumbuka kwamba zile za zamani zilikuwa na macho yaliyokaribiana, taa zikiwa katikati kandokando ya wavu wa rejeta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zikahamishiwa kwenye madigadi, na Series III ilipotoka mwaka wa 1971 ikaja na grili ya plastiki badala ya wavu wa chuma. Basi mwenye gari la 1965 aliyetaka kuonekana wa 1975 alihitaji madigadi mawili, grili moja na rangi. Wengi walifanya hivyo, na hakuna aliyewashtaki.

Mambo yalibadilika ilipotamalaki Toyota Land Cruiser ya namba 70. Gari hili lilianza kuundwa mwaka wa 1984, na hadi leo halijakoma. Injini yake mashuhuri, ile ya dizeli yenye silinda sita na lita 4.2 iitwayo 1HZ, ilitoka mwaka wa 1990 na imeendelea kufungwa katika magari yaendayo nchi nyingi za Afrika kwa zaidi ya miongo mitatu. Tafakari maana ya jambo hilo. Injini ni ile ile, mlio ni ule ule, kabini ni karibu ile ile. Pikapu ya 1996 na pikapu ya 2016 zikipita gizani, sikio haliwezi kuzitenganisha. Kilichobaki cha kutangaza umri ni uso peke yake. Uso ulibadilishwa mwaka wa 2007, sehemu ya mbele ilipopanuliwa ili injini kubwa ya V8 ipate nafasi katika magari yaliyoihitaji, zikaja taa pana na madigadi yaliyovimba. Ukabadilishwa tena mwaka wa 2023, na safari hii kiwanda kikarudisha taa za mviringo zinazokumbusha zile za babu yake. (Nakiri kwamba jambo hili lilinifurahisha: kiwanda chenyewe kimelivisha gari jipya uso wa kale, huku sisi tukiyavisha ya kale uso mpya.)

Pale ambapo tofauti ya miaka na ya bei imebebwa na vipande vinavyofungwa kwa bolti, vipande hivyo vitabadilishwa. Hilo si suala la tabia mbaya ya watu wa jamii fulani. Sura ya 2023 huingia juu ya gari la baada ya 2007 bila taabu kubwa, na vipande vyake vya kuigiza huuzwa kwa seti. Sura ya 2007 kwenye gari la kabla yake ni kazi nyingine. Mashimo ya bolti hayalingani yote, mabano hukatwa na kuchomelewa upya, na hata kazi ikiisha vizuri hubaki ushahidi mmoja: madigadi mapya ni mapana kuliko ekseli ya zamani, basi magurudumu ya mbele huonekana yamezama ndani kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

Turkana imepata magari haya kwa njia yake. Mwaka wa 1989 Umoja wa Mataifa ulipoanzisha mpango mkubwa wa kupeleka misaada Sudan Kusini, Lokichoggio ikawa kitovu cha ndege na malori. Mwaka wa 1992 ikafunguliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Mashirika yalikuja na magari mengi, na mengi kati yake yalikuwa ya aina hii ninayoieleza. Mkataba wa amani wa Sudan ulipotiwa saini mwaka wa 2005 shughuli nyingi zilihamia Juba. Magari yaliyochoka hupelekwa mnadani, na yatokapo mnadani huingia mikononi mwa wafanyabiashara wadogo, kisha mikononi mwa wadogo zaidi, hata siku moja hukutwa Lorugum yakipakia mbuzi. Wakati huo yamekwisha kugonga punda, yamekwisha kupinduka lagani, na uso wa asili haupo tena. Fundi atatafuta uso gani? Atatafuta unaopatikana, na mara nyingi unaopatikana dukani ni wa mtindo wa karibuni. Hapo hakuna hila yoyote, ni tiba tu.

Hapa naomba ruhusa nigeukie fani yangu kidogo, kwa kuwa lugha yetu ilikwisha kuufanya ufundi huu zamani. Litazame neno madigadi. Tulilitoa katika Kiingereza, na katika Kiingereza silabi ya kwanza ni sehemu ya shina, tena ndiyo itajayo tope. Lakini sikio la Mswahili lilipoisikia silabi hiyo lilidhani ni kiambishi ma- cha wingi, kama katika magari na matairi. Likaing'oa. Ndipo tukapata digadi moja, madigadi mawili. Kadhalika na kitabu: katika Kiarabu ki- ile si kiambishi hata kidogo, lakini sisi tuliichukulia hivyo tukasema vitabu. Na Tanzania alama ya barabarani iliyowaamuru madereva wapite kushoto ilizaa kipilefti, na wingi wake vipilefti. Tumefungua mbele ya neno la wenyewe, tukafunga mbele yetu, na shina likaendelea na kazi.

Waturkana nao hawako mbali nasi katika hili, ijapokuwa lugha yao si ya Kibantu. Mtu mmoja wa kabila hilo ni Eturkanait, watu wengi ni Ngiturkana, na lugha yao ni Ngaturkana. Majina ya mahali huanza kwa Lo- au Na- kutegemea jinsia ya kisarufi, ndiyo maana tuna Lodwar, Lokichar na Lorugum upande mmoja, na Nadapal na Nanam upande mwingine. Kwa msemaji wa lugha hizi mbili, mbele ya neno ndiko kunakokaa habari. Sishangai basi kwamba mbele ya gari nako kunasomwa kwa bidii.

Lakini mwalimu yeyote wa Kiswahili atanikumbusha jambo ambalo wabadilishaji wa nyuso hulisahau. Mbele ya neno haibadilishwi peke yake. Ukisema kitabu kizuri kimepotea, kisha ukageuza ki- ya kwanza kuwa vi-, sharti ugeuze na nyingine mbili: vitabu vizuri vimepotea. Mwanafunzi aandikaye "vitabu kizuri kimepotea" hupata alama ya mkasi. Huo ndio upatanisho wa kisarufi, na gari nalo lina upatanisho wake.

Chukua suala la joto. Lodwar ni miongoni mwa miji yenye joto kali zaidi nchini, na mchana kipimo huvuka nyuzi 35 mara kwa mara. Katika mchanga mzito wa barabara za Loima gari hupanda kwa gia ya chini, injini ikizunguka kwa kasi ilhali gari lenyewe linakwenda mwendo wa punda. Hewa ya kupoza maji haitokani na mwendo. Hutokana na feni, rejeta na mpangilio wa grili ulio mbele yake. Fundi akifunga uso ambao nafasi zake za hewa hazielekeani na rejeta iliyopo, au akiisogeza rejeta nyuma ili bampa mpya lipate kukaa, au akiacha kile kikava kinachoizunguka feni kwa sababu hakikuingia, maji yatachemka. Na maji yakichemka mara kadhaa, kichwa cha injini hupinda. Mwenye gari atalaumu jua la Turkana, na jua halina wakili.

Taa nazo. Uso mpya huja na taa zenye umbo na shabaha tofauti. Zisipopimwa upya, huwamulika madereva wanaokuja badala ya kuimulika barabara, na sasa kwa kuwa barabara kuu ya kutoka Lodwar hadi Kakuma na Lokichoggio imetiwa lami, magari yaliyokuwa yakijikokota yanakimbia, tena usiku, na ngamia hawajui kwamba barabara imebadilika. Isitoshe kuna komeo la boneti. Komeo lililochomelewa kwa kukisia huweza kufunguka gari likiwa katika mwendo, na boneti ikainuka na kukiziba kioo cha mbele. Mambo haya hayana uhusiano na udanganyifu wa bei. Ni suala la abiria 15 waliokaa juu ya magunia.

Tofauti nyingine ni muhimu kuliko hiyo, na naona haisemwi vya kutosha. Haya yote nimeyasema kuhusu magari yenye chesisi. Probox, ambalo siku hizi ndilo linalobeba watu katika miji yetu mingi, halina chesisi ya namna hiyo. Bodi yake ndiyo fremu yake. Kubadilisha taa, bampa na boneti ya Probox hakuna ubaya. Lakini gari likipondeka mbele, na fundi akaukata mdomo mzima hadi mihimili ya ndani na kuunga mdomo wa gari jingine, amekata mfupa na kuunga mfupa. Mihimili ile imebuniwa ikunjike kwa utaratibu fulani gari linapogongana, ili nguvu ya mgongano isimfikie dereva. Muungo wa gereji haujui utaratibu huo. Anayeuona mdomo mpya wa Land Cruiser na mdomo mpya wa Probox na kudhani amekiona kitu kimoja, amedanganywa na macho yake.

Sasa tuje kwenye sheria, kwani ndiyo inayoufanya umri wa gari kuwa mali. Kwa kiwango cha Shirika la Viwango la Kenya kijulikanacho kama KS 1515:2000, gari lililotumika ng'ambo haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 kwa sheria ya mwaka wa 2018. Tanzania huyatoza magari makuukuu ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu. Makusudi ya sheria hizi ni mema. Lakini tokeo lake ni kwamba gari lililokwisha kuingia huwa adimu kadiri uso wake unavyokuwa mpya, na chochote kilicho adimu huigizwa. Ongeza na masharti ya bima, na masharti ya wanaokodi magari kwa kandarasi wakitaka yasiyozidi umri fulani, utaona kwamba uso wa gari umekuwa hati ya kuombea kazi.

Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotumika vibaya. Muuzaji husema "gari la 2012". Irabu moja, -a, imefichwa ndani ya neno "la", nayo ina mzigo mkubwa. Tunasema nyumba ya mawe, nyumba ya Ekai, nyumba ya kupanga. Kiunganishi ni kimoja na uhusiano ni tatu. Vivyo hivyo gari la 2012 laweza kuwa gari lililoundwa 2012, au gari lililosajiliwa Kenya 2012, au gari lenye sura ya magari ya 2012. Gari lililoundwa 2005 na kusajiliwa 2012 likavishwa uso wa 2023 lina miaka mitatu, na muuzaji hodari atachagua mwaka umfaao na kuuweka baada ya "la" bila kutamka neno hata moja la uwongo. Namba za usajili zinamsaidia. Watu huzisoma kama umri: KBA ilianza mwaka wa 2007 na KDA mwaka wa 2020, na mnunuzi akiiona herufi ya pili imesogea mbele hufurahi. Namba hiyo haisemi gari liliundwa lini. Inasema liliingia kwenye daftari la Kenya lini, basi.

Sikiliza pia kitenzi. Ukiuliza habari ya uso huo utaambiwa "limebadilika kidogo mbele". Limebadilika! Kama vile hali ya hewa ibadilikavyo, au sauti ya kijana anapobaleghe. Kauli hii ya kutendeka ni hazina ya lugha yetu, lakini ina hila: haimtaji mtenda wala haikubali aulizwe. Laiti angesema "limebadilishwa", swali lingefuata lenyewe: na nani, lini, kwa vipande vya gari gani? Nawashauri walimu wa sarufi wauchukue mfano huu darasani. Wanafunzi wanaochoshwa na minyambuliko ya vitenzi wataamka wakitambua kwamba tofauti ya -ik- na -ishw- yaweza kuwa na thamani ya mbuzi mia.

Hesabu ya mbuzi siisemi kwa mzaha. Fikiria kikundi cha wafugaji kinachochanga fedha ili kinunue pikapu ya kupeleka mifugo sokoni Lodwar. Fedha hizo ni mifugo iliyouzwa, pengine katika mwaka wa ukame ambapo bei ya mbuzi imeshuka. Kikilipa bei ya gari la 2012 na kumbe gari ni la 1997, hakijapoteza tofauti ya bei tu. Kimenunua springi zilizolegea, gia zilizolika na chesisi iliyochomelewa, ambavyo vyote vitadai fedha katika miezi ya mwanzo. Gari litalala chini ya mti, na kikundi kitavunjika kwa lawama, kila mmoja akimshuku mweka hazina. Wazee walikuwa na msemo juu ya mambo ya jinsi hii, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, lakini mkakasi ukinunuliwa kwa makosa haumfilisi mtu.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Sikubaliani nao hata kidogo. Kumkataza fundi wa Lodwar kufunga uso wa mwaka mwingine ni kuwahukumu wenye magari wangoje spea ambazo hazipo, na ni kuwanyang'anya riziki mafundi ambao, kwa maoni yangu, ni miongoni mwa watu wanaotumia akili zaidi katika kaunti hiyo. Kuyafanya madigadi ya 2007 yakae juu ya gari la 1997 kwahitaji kupima, kuchora, kukadiria na kuelewa chuma. Vijana waliosomea umakanika katika vyuo vya Don Bosco huko Kakuma, wakimbizi na wenyeji, wana maarifa ambayo shule zetu za sekondari hazina mitihani ya kuyapima. Ujuzi huo si kosa. Jahazi la Lamu hubadilishwa mbao moja baada ya moja mpaka hakuna ubao wa kwanza uliobaki, na jina lake huendelea kuwa lile lile bila mtu kulalamika. Lakini hakuna nahodha anayebadilisha mbao za omo kisha akadai jahazi limezaliwa mwaka huu.

Waturkana wenyewe wana utaratibu ambao wanasheria wangefaa kuutazama. Mwanamume huwa na maksai wake mteule, naye humpinda pembe angali mchanga ili zikue kwa umbo analolipenda. Umbo hilo husifiwa kwa nyimbo, na mwenyewe huweza kujulikana kwa jina linalotokana na maksai huyo. Yaani uso wa mnyama hutengenezwa kwa makusudi na hadharani, nao ni fahari. Hakuna adanganywaye, kwa sababu mnyama ana chapa ya moto mwilini. Neno emachar katika lugha yao hutaja chapa hiyo, na neno lilo hilo hutaja ukoo. Pembe ni za mwenye kupamba. Chapa ni ya ukoo, na haipindwi.

Gari nalo lina chapa, na chapa hiyo ni namba ya chesisi. Ni maandishi yenye mofolojia kama kitenzi cha Kiswahili. HZJ79: HZ hutaja jamii ya injini, J hutaja Land Cruiser, 7 hutaja mfululizo, na 9 hutaja umbo la pikapu ya tangu 1999. Kabla ya hapo pikapu ya aina hiyo ilikuwa HZJ75. Tofauti ya tarakimu moja, na ndani yake mna gari zima: ya 75 ina springi za majani mbele na nyuma, ya 79 ina springi za mviringo mbele. Ya 75 ina nati 6 katika kila gurudumu, ya 79 ina 5. Dalali aweza kubadilisha boneti kwa siku moja, lakini ni nadra kuhangaika na ekseli.

Mwaka wa 2025 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama iliuletea umma rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi, na jambo lililozua kelele ni pendekezo la kuyakagua hata magari ya binafsi yaliyopita miaka minne tangu kuundwa. Kelele zilihusu gharama, na gharama ni hoja ya haki kwa mtu akaaye mbali na miji mikubwa. Lakini sikusikia wengi wakiuliza mkaguzi ataandika nini baada ya kulitazama gari lenye nyuso mbili. Sheria ya trafiki tangu zamani inamtaka mwenye gari aarifu pale maelezo yaliyomo katika kitabu cha gari yanapoacha kuwa kweli. Rangi ikibadilishwa, huandikwa. Injini ikibadilishwa, huandikwa. Uso hauna mahali pake. Ningependa kila kitabu kiwe na mistari mitatu iliyotenganishwa, mwaka wa kuundwa, mwaka wa kusajiliwa, na mwaka wa sehemu za mbele endapo zimebadilishwa, pamoja na jina la gereji iliyoifanya kazi hiyo. Fundi mwema atapata sifa kwa maandishi. Mbovu atajulikana. Mstari huo wa tatu hauhitaji mitambo. Unahitaji kalamu, na mtu wa kusema "limebadilishwa".

Hadi mstari huo upatikane, mnunuzi wa Lorugum asianze na taa. Ahesabu nati za gurudumu la mbele, kisha atazame kama tairi limezama ndani ya digadi. Baada ya hapo alale chini upande wa kulia, karibu na gurudumu hilo la mbele, ambako namba ya Land Cruiser hupigwa kwenye chuma cha chesisi. Aende na kitambaa na mafuta ya taa kidogo ya kuondolea matope na grisi, na aende na mtoto wa shule mwenye macho mazuri amsomee herufi moja moja, huku mwingine akiwa amekishika kitabu cha gari na kulinganisha. Wakikuta HZJ75 chini ya uso wa 2007, mazungumzo ya bei na yaanze upya.